Mvua thelathini kwa simu moja: Katiba inamsaidiaje mpwa wangu?

Swali limetoka Newala. Mwandishi wake anasema hivi: "Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, amefungwa miaka 30 na mahakama ya wilaya kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Wanasema yeye na mwenzake walimsimamisha bodaboda usiku, wakiwa na panga, wakamnyang'anya simu. Bodaboda hakupata hata mkwaruzo. Simu ilikutwa kwa mtu mwingine, akasema aliuziwa na mpwa wangu. Huku kwetu karani wa chama cha msingi aliyekula mamilioni ya korosho za wakulima alitozwa faini akarudi kwake. Nimesikia redioni kwamba Katiba inakataza adhabu za kikatili. Je, naweza kwenda Mahakama Kuu nikasema miaka 30 kwa simu moja ni ukatili? Hati ya mashtaka inasema ana miaka 19, mama yake anasema alikuwa hajafika huko. Mimi ndiye mjomba, ukoo wote unanitazama mimi."

Mzee wangu, shikamoo, na pole. Umakondeni mjomba akishatazamwa hana pa kujificha, kwa hiyo sitakuzungusha. Ukienda Mahakama Kuu ukasimama juu ya hoja ya ukatili peke yake, utashindwa, na huenda usisikilizwe kabisa. Ukienda kwa njia ya rufaa ya kawaida, una mambo ya kushika. La maana kuliko yote umeliandika mwishoni, kwa sentensi moja, kama vile halina uzito. Nitalifikia, lakini kwanza hiyo Katiba, maana umeiuliza na unastahili kujibiwa.

Ibara ya 13(6)(e) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inasema: "ni marufuku kwa mtu kuteswa, kuadhibiwa kinyama au kupewa adhabu zinazomtweza au kumdhalilisha." Aya iliyotangulia, (d), inadai heshima ya mtu itunzwe katika upelelezi, katika kuendesha kesi, akiwa chini ya ulinzi, na wakati adhabu inatekelezwa. Maneno haya hayakuwepo Katiba ilipotungwa mwaka 1977. Yaliingia na mabadiliko ya mwaka 1984 yaliyoleta sura ya haki za binadamu, na wananchi wakaanza kuruhusiwa kuyatumia mahakamani mwaka 1988.

Sisi wa kusini hatuhitaji mwalimu wa kutufafanulia adhabu ya kinyama. Kilwa Kivinje watu bado wanaonyesha ulipokuwa Mwembe Kinyonga, ambako Wajerumani waliwanyonga waliowapinga, akiwamo Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Wazee wetu walihadithia "hamsa ishirini", viboko 25 vya bomani, ambavyo mtu alipigwa kwa kuchelewa kazi za mkoloni. Katiba za dunia zinapokataza adhabu ya kinyama, kitu cha kwanza zinachokitazama ni hicho: mwili wa mtu na utu wake. Amefanywa nini? Amepigwa, amekatwa, amevuliwa nguo hadharani, amenyongwa?

Swali lako ni jingine. Unauliza juu ya kipimo. Kifungo chenyewe ni adhabu ya kawaida, hakuna anayesema jela ni unyama kwa sababu tu ni jela. Unachosema ni kwamba miaka 30 imezidi kosa. Hapo ndipo mlango wa Katiba unapokuwa mwembamba, Tanzania na kwingineko.

Watu wengi hupenda kutaja Marekani. Marekebisho ya Nane ya Katiba yao, ya mwaka 1791, yaliyorithi maneno ya sheria ya haki ya Uingereza ya mwaka 1689, yanakataza adhabu za kikatili na zisizo za kawaida. Mwaka 1983 Mahakama yao ya Juu ilifuta kifungo cha maisha kisicho na parole (kuachiwa mapema kwa masharti) alichopewa mtu aliyetoa hundi hewa ya dola 100, baada ya makosa mengine kadhaa ya nyuma ambayo hayakuwa ya kumwaga damu. Ukiishia hapo utadhani wamekupa jibu. Lakini mwaka 2003 mahakama hiyohiyo ilikubali kifungo cha miaka 25 hadi maisha kwa mtu aliyeiba fimbo tatu za gofu huko California, kwa sababu alikuwa na rekodi ya makosa na sheria ya jimbo ilisema hivyo. Majaji walisema wazi kwamba urefu wa kifungo ni kazi ya wabunge, na mahakama itaingilia mara chache sana. Kwa hiyo hata kule ambako hoja hii imezeeka, kwenye miaka inashinda kwa nadra. Inashinda zaidi kwenye adhabu ya kifo na kwa watoto.

Jirani zetu Kenya wamepita njia hiyohiyo kwa kasi zaidi. Desemba 2017, katika shauri la Muruatetu, Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema adhabu ya kifo ya lazima kwa mauaji inavunja Katiba yao kwa kumnyima jaji nafasi ya kupima mazingira ya mtu. Wafungwa wa makosa mengine wakamiminika mahakamani na hoja hiyohiyo. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ikasema ilizungumzia mauaji tu. Mwaka 2024 ikarudisha kifungo cha kiwango cha chini katika kosa la kujamiiana ambacho Mahakama ya Rufani ilikuwa imekipunguza. Nakutajia haya kwa sababu najua kuna watu wanatembeza nakala za Muruatetu kwenye simu na kuwaambia ndugu wa wafungwa kwamba kesi zao zimekwisha. Ile ni hukumu ya Kenya, na kwao pia haifiki kwenye unyang'anyi wa mpwa wako.

Sasa turudi nyumbani. Kesi kubwa ya ibara hii ni ya Mbushuu. Mwaka 1994, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitamka kwamba adhabu ya kunyongwa ni ya kinyama na inatweza, hivyo inapingana na Katiba. Jamhuri ikakata rufaa. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani, majaji Makame, Ramadhani na Lubuva, ilitoa uamuzi ambao hadi leo nikiusoma unanikera na kunivutia kwa pamoja. Majaji walikubali kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili, ya kinyama na ya kudhalilisha. Walikubali! Kisha wakasema inabaki kuwa halali, kwa sababu ibara ya 30(2) inaruhusu sheria ipunguze haki hizi kwa ajili ya kulinda haki za wengine na maslahi ya umma, mradi sheria hiyo isiwe ya kiholela na isivuke kile kinachohitajika kwa lengo hilo. Kama kunyonga kunahitajika au la, wakasema, ni jambo la jamii kuamua kupitia Bunge lake.

Uamuzi huo ndio unaosimama. Juni 2025 Mahakama Kuu hapa Mtwara ilipowakuta na hatia ya mauaji waliokuwa maofisa wawili wa polisi, kwa kumuua kijana mfanyabiashara wa madini, adhabu ilikuwa kunyongwa hadi kufa, kwa kuwa kwa kosa hilo jaji hana nyingine ya kuchagua. Hiyo ni licha ya kwamba nchi haijanyonga mtu tangu katikati ya miaka ya 1990, na Rais John Magufuli alisema hadharani mwaka 2017 kwamba hawezi kusaini watu wanyongwe. Vuka Ruvuma tu, Msumbiji, adhabu hiyo ilifutwa na Katiba yao ya mwaka 1990.

Fikiria basi, mzee wangu: kama kitanzi, ambacho majaji wenyewe wamekiita cha kinyama, kimepita kwenye tundu la ibara ya 30(2), miaka 30 ya kifungo itakwama vipi? Wakili wa serikali atasema Bunge liliweka kiwango hicho ili kuwalinda watu kama huyo bodaboda wanaofanya kazi usiku, na mahakama itamsikiliza.

Upo ukuta mwingine kabla hata ya huo. Shauri la kudai haki za Katiba hufunguliwa Mahakama Kuu chini ya sheria ya mwaka 1994 ya utekelezaji wa haki na wajibu muhimu. Sheria hiyo inaizuia mahakama kuendelea pale ambapo mlalamikaji ana njia nyingine ya kutosha ya kupata nafuu. Mpwa wako ana rufaa. Hilo tu linatosha shauri kutupwa. Marekebisho ya mwaka 2020 yalimtaka pia anayefungua aape kwamba yeye mwenyewe ameathirika, lakini hata bila sharti hilo, ukuta wa rufaa unabaki palepale.

Usisahau Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, maana najua atatokea mtu wa kukutajia. Ni kweli mahakama hiyo imewahi kuwapa ushindi Watanzania waliofungwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kwa mfano Alex Thomas mwaka 2015. Lakini alishinda kwa sababu kesi yake haikuendeshwa kwa haki, ikiwamo kukosa wakili. Urefu wa kifungo sio uliompa ushindi. Mwaka 2019 mahakama hiyo ilisema adhabu ya kifo ya lazima nchini kwetu inakiuka haki ya kuishi, na kunyonga kunavunja utu. Mwezi huohuo, Novemba 2019, Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu wananchi kwenda huko moja kwa moja, na tangu Novemba 2020 mlango huo umefungwa kwa kesi mpya za mtu binafsi.

Hili la karani wa chama cha msingi limekuuma, na lingeniuma mimi pia. Sababu yake iko kwenye sheria yenyewe kabla hujamfikia hakimu. Makosa mengi, wizi ukiwamo, yamewekewa dari bila sakafu: sheria inasema mtu "asizidi" miaka kadhaa, halafu hakimu anashuka hadi anapoona panafaa, hata kwenye faini. Unyang'anyi wa kutumia silaha umewekewa sakafu, isiyopungua miaka 30, na hakimu haruhusiwi kushuka chini yake hata akiwa amemwonea huruma mshtakiwa hadi machozi. Kubaka nako kuna sakafu ya miaka 30 tangu mwaka 1998. Mimi naamini sakafu hizi zimewanyang'anya mahakimu kazi yao. Aliyepora kwa bunduki na kumwacha mtu kilema, na kijana wa kijijini aliyeonyesha panga akachukua simu ya tachi, wote wanapata namba ileile. Miongozo ya utoaji adhabu ya Mahakama ya mwaka 2023 ni nzuri, inamfundisha hakimu kupima uzito wa kosa na hali ya mkosaji, lakini haina nguvu mbele ya sakafu iliyowekwa na Bunge. Kuibadilisha ni kazi ya siasa. Kwa kesi ya mpwa wako haitawahi.

Kwa hiyo tuache kusema adhabu ni kali. Swali la kupeleka mahakamani ni kama kosa lenyewe, la unyang'anyi wa kutumia silaha, lilithibitishwa. Kosa likianguka, au likishuka daraja, miaka 30 inaanguka nalo.

Muda kwanza, maana huu ndio unaowaua wengi. Kutoka mahakama ya wilaya kwenda Mahakama Kuu, kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10 tangu hukumu, na rufaa yenyewe huwasilishwa ndani ya siku 45. Siku za kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri hazihesabiwi. Hukuniambia hukumu ilitoka lini. Mfungwa anaweza kutoa kusudio lake na kuwasilisha rufaa kupitia kwa mkuu wa gereza, na wengi hufanya hivyo siku zilezile za kwanza. Nenda ukamuulize mpwa wako: ulijaza karatasi ya kusudio? Uliweka dole gumba wapi, lini? Kama siku zimepita, bado yapo maombi ya kuongezewa muda, yanayoungwa mkono na hati ya kiapo. Sababu ya "tulikuwa hatujui" huwa haikubaliki. Sababu ya "tuliomba nakala tarehe fulani, barua hii hapa yenye mhuri wa mahakama, tukapewa baada ya miezi kadhaa" hukubaliwa mara nyingi. Ndiyo maana kila barua unayopeleka masjala igongwe mhuri na wewe ubaki na nakala.

Ukishapata mwenendo wa shauri, usome wote, au mpe mtu anayejua akusomee. Hukumu ni maoni ya hakimu. Mwenendo ndio unaoonyesha mashahidi walisema nini. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama kisheria, lakini usishangae ukikuta sehemu kwa Kiingereza.

Tazama bodaboda alimtambuaje. Ilikuwa usiku. Tangu shauri la Waziri Amani la mwaka 1980, Mahakama ya Rufani imeshikilia kwamba utambuzi wa usiku ni ushahidi dhaifu, usitumike kumtia mtu hatiani mpaka kila uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa. Shahidi lazima aeleze mwanga ulikuwa wa nini na mkali kiasi gani, umbali, alimtazama kwa muda gani, kama alimfahamu kabla, na kama alimtaja kwa jina au kwa mavazi kwa mtu wa kwanza aliyekutana naye. "Nilimtambua kwa taa ya pikipiki" haitoshi. Taa ya pikipiki inamulika mbele. Walikuwa wamesimama wapi? Kama aliwataja kituo cha polisi siku tatu baadaye tu, andika hilo kwa herufi kubwa.

Kisha simu. Jamhuri ilitegemea kanuni kwamba anayekutwa na mali iliyoibwa muda mfupi uliopita huchukuliwa kuwa ndiye mwizi, asipotoa maelezo yanayoeleweka. Lakini simu haikukutwa kwa mpwa wako. Ilikutwa kwa mtu ambaye, kwa kumtaja mwingine, alijiokoa mwenyewe. Ushahidi wa mtu wa namna hiyo hakimu anatakiwa kuutazama kwa jicho la tahadhari. Hati ya ukamataji mali ilijazwa? Alisaini nani asiye polisi? Mlalamikaji aliitambua simu kwa nini: kwa IMEI, ile namba ya utambulisho wa kila simu, na risiti, au alisema tu "ni yangu, nyeusi, imepasuka kioo"? Simu nyeusi zenye kioo kilichopasuka zimejaa Newala nzima.

Halafu hati ya mashtaka. Kosa hili lina viungo vyake: kuiba, kuwa na silaha, na kutumia au kutishia kutumia nguvu dhidi ya mtu fulani ili kupata au kubaki na mali, wakati wa wizi au muda uleule kabla au baada. Mara kadhaa Mahakama ya Rufani imeachia huru watu ambao hati zao hazikumtaja aliyetishiwa. Lakini usipoteze nguvu kwenye hoja mbili ambazo kila mfungwa huzileta. Ya kwanza, kwamba hakuna aliyeumia: kutishia kunatosha. Ya pili, kwamba panga halikuletwa mahakamani: kama shahidi ameaminika kwamba aliliona, kutoletwa kwake peke yake hakuui kesi.

Na hapa ndipo ile ibara ya utesaji inapofanya kazi yake halisi kwa watu wa kawaida, mbali na mijadala ya miaka. Kama kulikuwa na maelezo ya onyo aliyoyatoa polisi, uliza yalichukuliwaje. Sheria inawapa polisi saa nne tangu kumkamata mtu kumhoji, na wakitaka zaidi lazima muda uongezwe kwa utaratibu. Maelezo yaliyochukuliwa kesho yake bila utaratibu huo huondolewa kwenye kumbukumbu. Kama alipigwa, je, alisema hivyo maelezo yalipotolewa mahakamani, kabla hayajapokelewa? Kama alisema, hakimu alipaswa kusimamisha kesi na kuchunguza kwanza kama maelezo yalitolewa kwa hiari. Kama alilalamika na hakimu akaandika tu "pingamizi limekataliwa" akaendelea, hiyo ni sababu ya rufaa. Na kama ana makovu, au fomu ya PF3, ile ya polisi ya matibabu, au cheti cha zahanati, vitafute. Tanzania haijaridhia mkataba wa kimataifa dhidi ya utesaji, lakini huhitaji mkataba huo. Ibara ya 13(6)(e) na Sheria ya Ushahidi zinatosha.

Sasa umri. Umeandika kwamba hati inasema miaka 19 na mama yake anasema hakuwa amefika huko. Amepungukiwa kidogo, au alikuwa hajatimiza 18? Tofauti ya miezi hapa ni tofauti ya kifungo kizima. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema, bila kujali sheria nyingine yoyote inasemaje, mtoto hatahukumiwa kifungo. Maneno hayo "bila kujali sheria nyingine yoyote" yanaifikia hata ile sakafu ya miaka 30. Mtoto hupelekwa Mahakama ya Watoto, na akikutwa na hatia anaweza kuachiwa kwa masharti, kuwekwa chini ya uangalizi, au kupelekwa shule ya maadilisho, ile ya Irambo kule Mbeya. Hakimu akiona dalili kwamba aliye mbele yake ni mtoto, ana wajibu wa kuchunguza umri wake kabla ya kuendelea. Asipofanya, mwenendo wote unaweza kufutwa.

Umri wa kwenye hati ya mashtaka mara nyingi hutoka kwa askari aliyeuliza "una miaka mingapi?" kwa kijana aliyeogopa, na kijana akakisia. Sasa ninyi mthibitishe. Cheti cha kuzaliwa kilichotolewa zamani ni bora. Kilichotolewa juzi baada ya hukumu kitatiliwa shaka, ingawa si haramu. Kadi ya kliniki ya mama yake, kama panya hawajaila, ni dhahabu. Rejesta ya shule ya msingi alikoandikishwa darasa la kwanza nayo ina nguvu, kwa sababu iliandikwa kabla ya mtu yeyote kufikiria kesi. Mzazi aliyemzaa anaweza kuapa, na mahakama huuheshimu ushahidi wa mzazi. Huko kwetu watu hutaja umri kwa jando: "walitoka jando mwaka ule wa mafuriko." Hiyo peke yake haitoshi mahakamani, lakini kama wenzake wa jando lilelile wana vyeti, inasaidia kuunga mkono. Leteni uthibitisho wa tarehe mbili, umri wake siku ya tukio na umri wake siku ya hukumu, kwa sababu mawakili wa serikali watabishana juu ya ipi inahesabiwa. Mahakama Kuu inaweza kupokea ushahidi wa nyongeza kwenye rufaa, au kuamuru mahakama ya chini iuchukue, mkieleza kwa nini haukutolewa mwanzo.

Kama hukumu ilitaja pia viboko, angalia. Sheria ya unyang'anyi inaruhusu viboko pamoja na kifungo. Zamani, chini ya sheria ya mwaka 1963, mfungwa wa makosa kama haya alichapwa 12 akiingia na 12 akitoka, 24 kwa jumla, hadi sheria ya mwaka 1972 ilipoacha mtindo huo. Baadaye viboko vikarudi kwenye vitabu na viko hadi leo. Zimbabwe na Namibia mahakama zao zilishavitangaza kuwa vya kinyama. Kwetu bado ni halali, kwa hiyo waeleze gereza kwamba rufaa imekatwa na muombe visitekelezwe mpaka iamuliwe.

Iwapo yote yatashindikana, kwa kawaida Sheria ya Magereza humpunguzia mfungwa mwenye tabia njema theluthi ya kifungo, hivyo 30 hushuka hadi kama 20. Parole haiwahusu wa unyang'anyi wa kutumia silaha, na misamaha ya Rais ya Aprili na Desemba nayo huwaacha mara kwa mara. Mtu akikuomba fedha ili "amwingize kwenye orodha ya Muungano", usimpe.

Namba za vifungu sikukutajia kwa makusudi, kwa kuwa toleo la marejeo la sheria la mwaka 2023 lilibadilisha nyingi, na utakuta wakili mmoja anasema 287A na mwingine anasema namba nyingine, wote wakimaanisha kosa lilelile. Kama huna wakili, wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 husaidia kwenye mambo haya bila malipo. Waulize ustawi wa jamii pale halmashauri, nao hao hao watahusika suala la umri likifika mahakamani. Wiki hii nenda gerezani ukaulize tarehe ya kusudio, halafu pitia shuleni ukaombe nakala ya rejesta iliyogongwa mhuri. Usimwachie dada yako safari hiyo ya shule. Mwalimu mkuu atamtii mjomba haraka zaidi, na wewe ndiye utakayeandika hati ya kiapo.